Jengo Linalopaa

SWALI: Nimetazama Still Life, filamu ya Kichina ya mwongozaji Jia Zhangke, ya mwaka 2006. Vibarua wanabomoa nyumba kwa nyundo, mara jengo linapaa kama roketi! Huo ni uhalisia gani?

JIBU: Ndugu msomaji, mara ya kwanza nilirudisha nyuma kuhakikisha sikusinzia. Lakini patazame mahali penyewe: Fengjie, mji wa kale kando ya mto Yangtze, unavunjwa ili maji ya bwawa la Three Gorges yaufunike. Kwa aliyezaliwa pale, lipi la ajabu zaidi?

Mimi hunigusa zaidi ile noti ya yuan 10. Sanming, mchimba makaa kutoka Shanxi aliyekuja kumtafuta mkewe, anasimama mbele ya korongo la Kuimen akiilinganisha picha ya kwenye noti na milima yenyewe. Hasemi neno. Aliyeigiza, Han Sanming, ni binamu wa mwongozaji na alikuwa mchimba makaa kweli. Uzito ule wa mabega haufundishwi.

Ukiirudia, usizime mapema. Mwishoni kuna mtu anatembea juu ya kamba, kati ya majengo mawili yanayosubiri kubomolewa.