Mwalimu na SSD ya bei ya kuku wawili

SWALI: Fundi, habari za kazi? Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Natumia laptopu ya ThinkPad X230 ya mtumba, diski yake GB 320. Nikiiwasha asubuhi naweza kwenda kunawa uso na kurudi, bado inahangaika. Fundi wa mtaani huipiga Windows upya, inachangamka kidogo, kisha inarudia yaleyale. Mwenzangu ananiambia niweke SSD, diski ya kisasa yenye kasi. Je, mitihani na picha zangu zitapona? Na nimeona mtandaoni SSD ya TB 2 kwa bei ya kuku wawili. Ninunue?

JIBU: Mwalimu, ya kuku wawili iache hukohuko. Nyingi za namna hiyo zimetengenezwa zidanganye: kompyuta inaonyesha TB 2, lakini ukishapita ujazo wake halisi, kila unachohifadhi kinapotea kimyakimya. Ukishanunua SSD yoyote, kabla hujaiwekea chochote, ipime kwa programu ya bure iitwayo H2testw. Inaijaza yote kisha inasoma ilichoandika. Ni kazi ya saa kadhaa, iache usiku.

Kuhusu kupiga Windows kila mara, fundi wako anapaka rangi nyumba inayovuja. Diski yako ina sahani zinazozunguka, kwa laptopu nyingi mara 5400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinahamahama kufuata vipande vya mafaili. Windows ikiamka inaomba maelfu ya vipande hivyo, vimetawanyika kila pembe. SSD haina kinachozunguka wala kinachohama. Kwa mashine ya 2012 kama yako, sijaona pesa inayofanya kazi kubwa kuliko hii, hata kuongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kunafuata nyuma.

Nunua SSD ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) ya inchi 2.5, unene milimita 7; nene zaidi haiingii kwenye X230. Chukua GB 480 au 500. Ya GB 240 ni rahisi, lakini Clonezilla, programu ya bure ya kunakili diski nzima, kwa kawaida inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Utahitaji pia waya wa SATA kwenda USB, wa kuunganisha SSD wakati wa kunakili.

Mitihani itapona, ila inategemea hali ya diski ya sasa. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski, uangalie rangi. Ikiwa ya njano au nyekundu, au unasikia diski ikigonga tik-tik, usinakili diski nzima: nakili mafaili yako muhimu kwanza kwenye flashi, leo hiihii, kisha weka Windows mpya kwenye SSD. Ikiwa ya bluu, nakili kila kitu, chaja ikiwa imechomekwa.

Kubadilisha kwenyewe hakuhitaji fundi (nisamehewe na wenzangu). Zima, toa betri, geuza mashine, fungua skrubu moja ya kifuniko cha diski, vuta diski taratibu. Hamishia zile raba za pembeni kwenye SSD, isukume ndani, funga.

Jambo moja zaidi: Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na X230 haimo kwenye orodha ya mashine zinazokubaliwa na Windows 11. Kama kazi yako ni kuandika mitihani na kuvinjari, jaribu Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwa flashi kabla hujaamua. Diski ya zamani ikiwa nzima, inunulie kasha la USB. Picha zikae humo pia.