Jibu: Kuacha jiko la moshi la umeme liwake usiku kucha
Mkuu, umeuliza kama unaweza kulala huku jiko la moshi la umeme (lile la kuivisha nyama polepole kwa moshi wa vipande vya mbao) likiivisha kidari cha ng'ombe cha kilo 6. Unaweza, ila lisikae gereji hata mlango ukiwa wazi: vile vipande vya mbao vikifuka hutoa kaboni monoksidi, gesi yenye sumu, na hiyo haina harufu. Liweke uani, mbali na ukuta, ulichomeke moja kwa moja kwenye soketi. Ekstensheni ya waya mwembamba hupata moto. Mwaga mafuta ya trei kabla ya kulala. Mimi huweka 107°C, na kipimajoto chenye kengele kando ya mto wa kulalia (mke wangu hakipendi hata kidogo). Ukiamka ukakuta umeme ulikatika na nyama imekaa chini ya 60°C zaidi ya saa mbili, usiionee huruma, itupe.