Kutoka "lete" hadi "naomba"

Kazi yangu ni kuwafundisha Kiswahili maofisa wa balozi hapa Nairobi, wengi nikiwafuata majumbani kwao, Muthaiga na Runda. Wewe kijana unayejiandaa kwenda ubalozini, sikia nililojionea: nchi ikipungukiwa nguvu, balozi wake hufunguliwa mlango kwa kujua kuomba.

Mwanafunzi wangu mmoja, Mwingereza, alikuja na Kiswahili alichorithi kwa babu yake, kile cha masetla: lete maji, funga mlango, upesi! Amri tupu. Siku moja akarudi amefura. Kisa, ameketishwa kwenye benchi la ofisi fulani saa nzima na ushee akimngoja ofisa wa ngazi ya kati. "Zamani tungeingia moja kwa moja," akalalamika. Nikamwambia zamani hiyo imekwisha, tufanye zoezi: "Tunaomba mtufikirie." Aliirudia sentensi hiyo hadi ikaacha kumkwama kooni.

Nchi yake ilishinda vita mwaka 1945 lakini ikatoka mfuko umetoboka. Ilikopa Marekani dola bilioni 3.75, na deni likamalizwa kulipwa mwishoni mwa 2006. Waziri Mkuu wake, Anthony Eden, alijifanya haoni. Mwaka 1956 akapeleka majeshi kwenye Mfereji wa Suez, Misri, Marekani ikaacha pauni iyumbe, akasalimu amri. Januari 1957 alikuwa ameshajiuzulu.

Mimi humpenda zaidi Malcolm MacDonald. Mwanzoni mwa 1963 alikuja Kenya akiwa Gavana. Disemba bendera ikashushwa, akawa Gavana Mkuu, cheo cha heshima zaidi ya nguvu. Kenya ilipokuwa jamhuri Disemba 1964, akabaki hapa hapa kama balozi tu, na nyumba aliyoishi akiwa Gavana ikawa Ikulu ya Kenyatta. Hebu fikiria kubisha hodi kwenye mlango uliokuwa wako! Wengi wangepanda ndege warudi kwao.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu: fika mapema, mjue katibu muhtasi kwa jina, uliza habari za nyumbani na usikilize jibu. Misaada ya miaka iliyopita usiitaje kabisa. Hakuna kinachoudhi kama kusimangwa. Ahidi kidogo, hata kama ni barua moja tu ya mwaliko, lakini ifike siku uliyosema.

Yule bwana aliniandikia majuzi: "Mwalimu, nimengojeshwa tena. Ila leo wameniletea chai." Kama alikipata alichokifuata, hakusema.