Maziwa kidogo, mtoto wiki 3: uwatu unasaidia?

Hongera kwa mtoto dada, na pole kwa uchovu. Unasema ana wiki 3, analia kila akimaliza kunyonya na unataka kujua kama uwatu (zile mbegu za kiungo) utakuongezea maziwa. Mimi niliutumia kwa wa kwanza wangu, naloweka kijiko kimoja usiku asubuhi nachemsha nakunywa, mpaka jasho likawa linanuka kama sukari iliyoungua, lakini ukweli kilichonisaidia zaidi ni nesi aliyeniona nanyonyesha akaniambia mtoto anashika chuchu tupu, ilibidi afungue mdomo wote mpaka ashike na ile sehemu nyeusi. Anzia hapo, na mnyonyeshe mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku usiruke, maana titi likikaa limejaa mwili unapunguza kutengeneza.

Uwatu au mlonge ni nyongeza tu, ushahidi wake bado mdogo. Kama una kisukari, unameza dawa za kuzuia damu kuganda, au una aleji ya karanga au dengu, uwatu usiuguse kabla hujaongea na daktari. Mnanaa mwingi nao hapana, inasemekana unaweza kukupunguzia maziwa.

Hesabu nepi jamani. Akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku na uzito unapanda, anashiba huyo, kulia kuna sababu nyingine. Zikipungua, au analala tu hataki titi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usisubiri uwatu ufanye kazi. Na mtoto mwenyewe usimnyweshe uwatu wala mlonge hata tone.