Haki za Binadamu: Tuanze na Mahabusu

Wasomaji kadhaa wameuliza jinsi ya kupima hali ya haki za binadamu katika nchi ambayo demokrasia yake bado changa.

Serikali imeridhia karibu mikataba yote. Hilo halitoshi?

Halitoshi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa ulipitishwa mwaka 1966 na kuanza kutumika 1976, na zipo nchi zilizouridhia ambazo bado zinawafunga wakosoaji wao. Uliza kilichofuata baada ya saini: sheria za ndani zilirekebishwa?

Mimi ni raia wa kawaida, sina ofisi. Nianzie wapi?

Kwa mahabusu. Katiba inaweza kusomeka vizuri, bunge likajadili kwa sauti kubwa, na bado yupo mtu analala rumande mwaka wa tatu kwa sababu "upelelezi haujakamilika". Kesi nyingi husikilizwa hadharani, kwa hiyo chukua daftari ukae mahakamani wiki nzima. Andika siku mtu aliyokamatwa, siku aliyofikishwa kwa hakimu, kesi imeahirishwa mara ngapi, nani kapata dhamana na nani kashindwa masharti yake. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 2014 kwamba kwa kawaida saa 48 zinatosha kumfikisha mtu kwa hakimu. Linganisha kila mstari wa daftari lako na saa hizo. Kisha tazama waliocheleweshwa ni akina nani: wangapi hawana wakili, wangapi hawana ndugu wa kuwadhamini? Hapo ndipo ninapoipima nchi, kabla sijafungua ripoti yoyote.

Malalamiko ya watu kuteswa na polisi yameongezeka. Hali imeharibika?

Huenda. Huenda pia watu wameanza kuthubutu kusema. Mimi huogopa zaidi pale ambapo hakuna lalamiko hata moja. Fuatilia machache hadi mwisho wake: nani alichunguza, na kuna askari aliyeshitakiwa? Kituo kikijichunguza chenyewe, jibu unalijua. Itazame na tume ya haki za binadamu, maana Kanuni za Paris, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 1993 kuhusu tume za taifa za aina hiyo, zinataka iwe huru na yenye fedha za kutosha.

Viongozi wanasema nchi changa ipewe muda. Wana hoja?

Kwenye shule na hospitali, kiasi: mkataba wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni unaruhusu kusonga hatua kwa hatua kadiri ya uwezo, bila ubaguzi. Kwenye mateso hawana. Mkataba wa mwaka 1984 dhidi ya mateso haukubali hata vita iwe kisingizio.

Nikishakusanya taarifa, nizipeleke wapi?

Kwenye tume, au kwa asasi za kiraia unazoziamini. Tangu 2008 Baraza la Haki za Binadamu mjini Geneva hukagua kila nchi kwa zamu, na hupokea taarifa za asasi pia. Lakini kabla ya kutuma, rudi kwa kila aliyekusimulia umuulize kama bado anaridhia. Akisita, mtoe.