Breki ya trela kushika upande mmoja
Kaka, kama gurudumu la kushoto la trela lako halishiki ukiteremka Mazeras, usikimbilie sumaku mpya (ile ya umeme ndani ya drumu inayofanya breki ishike). Anza na eathi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye betri. Chumvi ya huku pwani hula viungo vya waya: changu nje kilionekana kizima, nilipobandua selotepu nikakuta unga wa kijani mtupu. Kata, unganisha upya kwa lehemu, kisha uvute waya wa eathi hadi kwenye plagi, usitegemee chasi.

Halafu chomoa waya mbili za sumaku upime: ya drumu ya inchi 10 husoma kama omu 3. Mita ikionyesha sifuri, au isisome kabisa, hapo badilisha. (Waya hizo hazina chanya wala hasi.) Drumu ikiwa wazi, angalia grisi isiwe imefika kwenye lainingi, ile sehemu ya breki inayosugua drumu.