Kikombe kimeingiaje kwenye kabati la nguo?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu wa darasa la tano alisoma neno cupboard kwa sauti mbele ya wenzake. Akatamka "kap-bodi", darasa zima likamcheka. Jioni akaniuliza: kama p haisemwi, imewekwa ya nini? Na kikombe kinatafuta nini kwenye kabati la nguo? Nilikosa jibu.
Mama wa darasa la tano, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza mpe pole, kwani binti huyo amelisoma neno kama lilivyoundwa. Cup ni kikombe, board ni ubao. (Kopo letu tulilopewa na Wareno ni ndugu wa hiyo cup, wote ni wa cuppa ya Kilatini.) Ila board kwa Waingereza wa zamani ilikuwa pia meza ya kulia. Karne ya 14, cupboard ilikuwa meza ya wazi ya kupangia vikombe na sahani. Milango ilikuja baadaye, na hapo ndipo jina likahamia hata kwenye kabati lisilo na kikombe ndani.

Nyumbani kwetu kabati la vyombo lilikaa sebuleni. Vikombe vya maua vilining'inia kwenye kulabu, sahani zimeegeshwa nyuma yake, na mama akifuta kioo kila Ijumaa. Chai haikutiwa kwenye vikombe hivyo mpaka aje mgeni. Cupboard ya kale ndiyo hiyo hiyo, toa kioo tu.

Meza hiyo imezaa mengi. Chakula kinacholiwa juu yake nacho kikaitwa board, ndiyo asili ya shule ya bodingi, mtoto anakolala na kula. Na wanaoizunguka kwa mashauri ndio bodi ya wakurugenzi.

Sasa p. Yeye na b wote ni wa midomo, na neno likisemwa haraka b humeza p. Karne ya 16 wapo Waingereza walioandika cubbord, bila p kabisa. Baadaye maandishi yakarudi kwenye asili, ulimi ukabaki ulipo. Sisi tulilipokea kwa sikio, ndiyo maana kabati halina p.

Kesho binti aanze kusema kabati, mkazo auweke kwenye ka, t ailegeze iwe d, na i ya mwisho aiache.